Pua ya Mjomba

Ukiwaambia watu wa Tanga mjini
kwamba ndani ya mkoa wao huohuo
kuna watu mwezi wa saba wanalala na soksi,
wanacheka, wanajipepea kwa gazeti.
Waje Lushoto. Waje Magamba
ukungu ukiingia jikoni bila hodi.

Mjomba Shekiondo alikuwa fundi wa joto:
hita za umeme, matangi ya maji ya nyumba za wageni,
majiko ya kuni ya wamisheni yenye mabomba marefu.
Mafua ya mwaka ule yalikuja
yakaondoka na harufu zote.
Pua ikabaki usoni
kama duka lililofungwa, kibao hakijashushwa.

Basi nikawa pua yake, nina miaka kumi na mmoja,
kwa malipo ya andazi na nusu kikombe cha chai,
ambayo kwake ilikuwa maji ya moto yenye rangi.

Yeye husimama mlangoni na mfuko wa bisibisi.
Mimi naingia, nafumba macho, navuta.

"Nini?"
"Vumbi. Kama shati la mchanga likipigwa pasi."
"Hita imelala tangu mwaka jana, inapiga miayo.
Fungueni madirisha. Hatudai hela."

Kwa Mama Ngoda, kule Dochi:
"Samaki."
"Samaki gani?"
"Kibua aliyesahauliwa."
Mama Ngoda akaapa hajaona samaki tangu Idi,
lakini mjomba alikwishazima swichi kuu.
Nyuma ya ukuta, ganda la waya lilikuwa linayeyuka
kama pipi mfukoni.
"Ukisikia samaki pasipo samaki," aliniambia,
"usitafute paka."

Tunasema *kusikia* harufu.
Yeye alizisikia kweli, kwa mdomo wangu.

Kwa masista:
"Yai viza. Bafuni."
"Maji ya moto, au hata ya baridi?"
"Ya moto tu."
"Tangi. Ile fimbo ya ndani imekwisha kuliwa.
Na yai likiwa hewani, karibu na mtungi wa gesi?"
"Natoka kwanza, nasema baadaye."
"Na swichi?"
"Siigusi."
Siku hiyo nilipewa andazi la pili.

Halafu usiku wa mwalimu Kihedu.
Alituita mchana, hita imekufa; tukachelewa kwa mvua.
Tukakuta ameingiza jiko la mkaa chumbani,
mkaa mwekundu, umeiva, hauna hata uzi wa moshi.
Khanga zimesokotwa kwenye nyufa za dirisha.
Mkewe amelala. Mtoto amelala.
Mwalimu kwenye kiti, kidevu kifuani, taa inawaka.

"Nini?"
Nikavuta. Nikavuta tena.
"Hakuna."
"Moshi?"
"Hakuna kitu, mjomba. Joto tu. Zuri."

Sikuwahi kumwona akikimbia.
Alivunja kioo kwa kiwiko,
akanisukuma nje kama mbuzi aliyeingia shambani,
akambeba yule mama begani kama gunia la viazi,
akarudi, akarudi tena.
Jiko alilirusha uani; mvua ikalizima kwa kelele.
Mwalimu alitapika kwenye tuta la karoti
akishika kichwa kwa mikono yote miwili.
Mtoto alikawia kulia.
Tulimsubiri, watu wazima na mimi,
tumenyeshewa, hakuna aliyesema neno,
mpaka akalia, akalia kwa hasira,
na mjomba akaketi chini matopeni.

Njiani hakuzungumza hadi darajani.
"Leo umenusa vizuri."
"Sikunusa kitu."
"Ndiyo."

Mfuko wa bisibisi ninao mimi sasa, na koti lake.
Linanuka risasi ya kulehemu, vitunguu,
mbao mbichi za msonobari, na kitu kingine
ambacho bado nakitafutia jina.
Harufu hiyo hakuwahi kuniuliza.