Chupa ya Kavugho

Katika matumbo ya ndege za mizigo, hapa Goma,
mimi huokota chupa.
Si kwa usafi. Kwa kupima.

Rubani akimaliza maji yake huko juu
akaikaza kizibo, akaitupa nyuma ya kiti,
chupa hutua imekunjamana,
mashavu yamezama ndani kama ya bibi kizee.
Hewa ya juu ni nyembamba, aliniambia Kapiteni Katembo,
ya chini ina kifua.
Ya chini huibana ya juu.
Hata kwa watu ni hivyo hivyo, nikamjibu,
tukacheka, tukaendelea kushusha magunia ya kasiteriti.

Mwili nimeusomea humo humo, juu ya magunia.
Nimeona pakiti ya biskuti ikivimba kama jipu.
Nimeona mnunuzi wa dhahabu, mtu mkali,
akichekacheka bila sababu juu ya Masisi,
kucha zake zambarau, naye hana habari.
Jino bovu huamka angani.
Sikio hufunga mlango, ukameza mate, ukameza,
mpaka pwa! dunia ikarudi.
Na aliyekula maharage asubuhi
asikae karibu na watu.

Lakini damu sikuwahi kuifikiria.

Kavugho wangu, wauguzi humwandika SS,
herufi mbili, kana kwamba ni jina la ukoo.
Daktari alinichorea nyuma ya bahasha:
chembe ya mtu ni duara, kama sahani,
ya mwanao, ikikosa pumzi, hujikunja.
Akachora mundu.

Mundu naujua, nimekata nao majani ya ng'ombe utoto wangu wote.
Sikujua unaweza kuvuna ndani ya mtoto wa miaka tisa,
kwenye miundi, kwenye mbavu,
shamba likilia usiku kucha.

Ilimkuta Walikale, kwa nyanya yake, likizoni.
Barabara ni tope, siku tatu ukibahatika.
Ndege ni moja, ya kwetu,
mlango wake hupiga mluzi,
hewa ya nje na ya ndani ni ile ile.

Sikumsihi Katembo. Nilitoa mfukoni chupa ya jana,
iliyobanwa ikawa bapa kama ulimi.
Akaitazama. Akamtazama mtoto.
Akatazama mawingu upande wa Masisi.
"Chini kuna milima," akasema.
"Juu kuna mundu," nikasema.

Akashusha magunia kumi na moja.
(Mwenye mali alipiga kelele mpaka mwezi wa nane.)

Tuliufuata mto kama mtu anayefuata ukuta gizani.
Milima ilitupita mabegani.
Niliona ng'ombe wakiinua vichwa,
mwanamke na gunia lake la makala, mdomo wazi,
niliona nguo zilizoanikwa, hata rangi zake.
Bawa likainama, kilima kikapita, bawa likainuka.
Katembo hakusema neno, ila shingo yake ilitoa jasho.
Nami sikutazama mbele tena.
Nilitazama kucha za Kavugho,
waridi, waridi, bado waridi,
kama mtu anayehesabu pesa asizoamini.
Kunywa, mama. Kunywa tena.
Akanywa yote. Akafunga kizibo mwenyewe,
kwa nguvu, maana ananijua baba yake.

Kisha ziwa, mabati yanang'aa,
moshi wa Nyiragongo umelala upande,
na uwanja wetu, lava nyeusi mwishoni mwake.
Magurudumu yaligusa chini, akauliza kama tumefika.

Leo anakimbia, siku zinazomruhusu.
Chupa ile ninayo, juu ya kabati, haiuzwi.
Ukiishika gizani utadhani ni mpya.
Ina kibonyeo kimoja, ubavuni,
upana wa kidole gumba.