Gesi Haiishi

Gesi haiishi kama petroli.
Hilo nawaambia wote, na wote huitikia kwa kichwa,
kisha Julai ikifika haohao: Nohemí, niongezee kidogo.
Niongeze nini? Kisichotumika hakipungui.
Kama hakimo, kimetoroka.
Mahali fulani pana mlango.

Don Eleuterio alinunua gesi viangazi vitatu
kwa yule wa karibu na reli, anayejaza bila kuuliza.
Pikapu ilipoa wiki mbili, tatu,
kisha taulo la maji shingoni, vioo chini,
na vitunguu vya bondeni nyuma
vikianza kuiva kabla hajafika sokoni.
Hapa Mexicali, saa nane mchana,
spana ukiisahau juani hukupiga muhuri kiganjani.

Nilianza na sabuni.
Povu kwenye kila kiungo, kwa brashi ndogo,
nikakaa nikilikodolea kama anayelinda maziwa jikoni.
Hakuna puto lililovimba.
Kompresa kavu. Kondensa nayo, ukitoa panzi
waliokaukia katikati ya mapezi yake, nzima.
Nikavuta ombwe. Mshale wa geji ukashuka, ukatulia,
ukatulia tena,
na nilipokwenda kunawa mikono
ukapanda unywele mmoja.
Unywele mmoja unatosha.

Nikajaza gesi yenye rangi, nikamwambia:
endesha siku nne, uje usiku.

Usiku, kwa sababu taa ya urujuanimno haiwezi kushindana na jua.
Evaristo, ninayemfundisha kazi, akaishika,
miwani ya njano ikimfanya nzi.
Tukazima balbu zote.
"Nimeuona mvujo!" Kijani, kijani kabisa, chini ya ukuta,
na kijani kile kikatembea.
Nge.
Nao hung'aa vivyo hivyo chini ya taa hiyo.
Tulihesabu wanne kabla ya kulifikia gari.
Miaka kumi na moja naweka kiti changu pale.

Kisha nikalala chali chini ya pikapu.
Kale kampira kanakotoa maji ya kiyoyozi,
ambako hakuna mtu anayekatazama,
kalikuwa na tone mdomoni.
Zito. Linawaka. Halina haraka.

Basi ni ndani, nyuma ya dashibodi.
Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Hawakusema la kufanya
ufa ukiwa nyuma ya ukuta.

Nikamuuliza: ukiwasha feni hapakuwa na harufu?
Tamutamu, nyepesi?
Akavua kofia, akatazama ndani yake.
"Miaka miwili," akasema.
"Nilidhani ni mafuta ya nywele ya Ofelia."
Mkanda wa kiti cha abiria ulikuwa umefungwa,
hakuna aliyekalia.
Sikuuliza. Nilimtajia bei.

Siku mbili. Skrubu arobaini na moja kwenye kopo la maharage,
na moja ambayo hadi leo sijui ilianguka wapi.
Nyuma ya dashibodi: peso mbili,
maganda ya alizeti, kibanio cha nywele,
na kivukizi chenyewe, kimepauka,
na doa kwenye kona, dogo kama dengu.
Hilo ndilo lililokunywa viangazi vitatu.
Kibanio nikakitia kwenye bahasha pamoja na risiti.

Kipya kikaingia. Ombwe tena.
Nikanawa mikono, nikala, nikabishana na mama kwenye simu,
nikarudi: mshale umelala palepale.

Hewa ilitoka nyuzi sita.
Evaristo aliingiza uso kwenye tundu, akagoma kuutoa.
Don Eleuterio alilipa kwa noti zenye harufu ya vitunguu,
akaifungua bahasha, akaifunga.
Alipokuwa anatoka nikampigia kelele:
panda vioo, unaipoza barabara!
Akanyanyua mkono bila kugeuka.
Cha kwake alikipandisha.
Cha upande wa pili alikiacha wazi,
inchi mbili.