Jua, Kujua

Nimeng'oa jina langu mlangoni kwa bisibisi ya Osodo.
Limeacha mstatili mweupe juu ya mbao,
kama ngozi iliyojificha chini ya saa ya mkononi.
Miaka thelathini na mmoja hapa Chiromo,
na skrubu moja bado imekataa kutoka.

Mpwa wangu wa Wundanyi aliwahi kuniuliza:
"Shangazi Wakesho, hasa huwa unafanya nini?"
Nikampeleka Grogan. Miguu ya mafundi
ilichomoza chini ya magari, saa sita, jua la utosi.
Nikamwambia, ndani ya kila seli yako kuna Grogan.
Jua likikupiga, herufi mbili jirani
hushikana mashati, uzi wa vinasaba ukapinda.
Fundi wa kwanza hupita akipapasa. Hajui kusoma,
anajua kupinda tu.
Wa pili huachanisha nyuzi.
Wa tatu na wa nne hukata, huku na kule,
kipande cha herufi thelathini hivi, kikatupwa.
Mwingine hujaza pengo akichungulia uzi wa pili.
Wa mwisho huunga. Hakuna risiti.
Mpwa akacheka: "Kumbe ni jua kali kweli kweli!"

Kazi yangu ilikuwa fundi wa tatu.
Huyo tu. Mkasi mmoja.

Muthengi aliletwa usiku, maana mchana ulikuwa adui yake.
Miaka tisa, kofia ya kitambaa hadi mabegani,
madoa usoni kama ya mtu aliyelima miaka hamsini.
Mkasi wake haukukata.
Aliniuliza kama mimi nalijua jua.
Nikasema ndiyo. Nilikuwa kijana,
shahada yangu bado ikinuka wino.
Akanipa kipande cha ngozi, punje ya dengu,
hakulia. Mama yake, Syokau, ndiye aliyelia.

Tulizikuza seli zake. Pasaka moja umeme ukakatika
na Osodo akalala maabarani siku tatu,
akililisha jokofu barafu kavu
kama mtu anayeuguza ng'ombe.
Mhakiki mmoja wa ng'ambo akaandika:
"Matokeo ni mazuri mno kwa mahali pale."
Hilo sikulisahau.

Lakini na hili sijalisahau:
nilibadilisha vibandiko vya mirija miwili,
mimi mwenyewe, si Osodo,
tukajenga juu ya kosa hilo ghorofa ya miaka miwili.
Nilipogundua, nilikaa ngazini nikitafuna karanga
hadi nikabaki natafuna chumvi ya vidole.
Kisha nikaliandikia jarida: futeni, nimekosea.
Ufadhili ukaondoka. Wanafunzi wawili nao.
Wenye midomo wakasema Mghanga amekwisha.
Jumatatu nikavaa glavu.
Mrija wa kwanza, kibandiko kipya, nikakisoma kwa sauti.

Muthengi alikufa ana miaka kumi na saba.
Makala ilitoka minne baadaye:
herufi moja, basi, moja iliyokosewa
kabla yeye hajazaliwa.
Nilimpelekea Syokau nakala, Kawangware, kwenye meza yake ya sukuma wiki.
Akauliza jina la mwanawe liko wapi.
Nikasema halipo, ndiyo sheria yetu.
Akaikunja mara nne, akaitia chini ya mizani,
akamhudumia mteja.

Leo Osodo ananipitishia masanduku.
Hii tutupe? Tupa. Na hii? Tupa.
Chini kabisa, nyuzi themanini chini ya sufuri,
mwandiko wangu wa ujana, umevimba theluji:
M., miaka 9.
Hatukuulizana.
Amefunga jokofu taratibu, kama mlango wa chumba alimolala mtu.

Nje ni saa saba. Nimesahau mwavuli.
Jua limeniwakia nyuma ya mkono,
na sijui ni herufi ngapi zitakuwa zimeshikana
kabla sijafika barabarani,
wala ni fundi yupi
ameshateremka na mkasi.