Kinakwisha Ijumaa

Ijumaa hii, ee cheti, unakufa.
Imeandikwa hapo chini kwa wino wa kijivu,
chini ya jina langu, Yasna Barrientos.
Miaka mitatu umetundikwa juu ya jokofu,
na kunjo lako katikati kama kovu la upasuaji,
maana tarishi wa Punta Arenas
alikusukumiza mlangoni akiukimbia upepo.

Nilikununua kwa mikono iliyonuka kaa.
Mchana kiwandani, nikibanja magamba,
usiku mezani na swichi mbili kuukuu
nilizozipata benki ilipofunga tawi lake la bandarini.
Feni zake zilivuma kama nyuki waliochokozwa,
hata mwenye nyumba, Bi Milenka, akagonga ukuta:
"Hicho unachokikaanga hakiivi tu?"

Hakikuiva. Mara ya kwanza nilikosa alama kumi na moja.
Ada ya mara ya pili ilikuwa baiskeli yangu.
Nilitembea kwenda kufaulu,
kichwa mbele, upepo ukinidai kila hatua.

Chema chajiuza, wanasema.
Labda sokoni. Hospitalini, mlangoni,
waliniomba risiti,
na risiti ndiyo wewe.
Walikutazama wewe kwanza, mimi baadaye.

Sasa nikuambie jambo usilolijua.
Zabuni mpya ilipokuja, walihesabu vyeti:
watatu wenye karatasi, kisha safu ya mwisho, "Wengineo".
Humo ndimo walimotia Ovando,
miaka kumi na tisa ndani ya dari za jengo lile,
anayejua kila waya unakopita
kama mtu anavyoyajua meno yake kwa ulimi.
Nusu ya mshahara.
Alitia sahihi, akaomba abaki na kalamu.

Halafu usiku ule wa Juni, theluji madirishani.
Taa zote za swichi zikapepesa kwa pamoja, mbio, bila kupumua;
wodi ya watoto haioni majibu ya damu,
muuguzi anashuka ngazi na makaratasi kifuani.
Nilifanya ulivyonifundisha: anza chini, panda,
usikisie, tenga, pima, andika.
Nikaipata ghorofa. Nikaipata swichi.
Lakini vyumba vyake vilikuwa thelathini na kimoja.
Nikampigia Ovando, nikamtoa usingizini.
Hakuuliza habari za itifaki. Aliuliza:
"Leo nani amepaka rangi?"

Chumba cha kumi na nne, ukuta bado mbichi,
waya mmoja, ncha zote mbili zimechomekwa ukutani,
mtandao mzima ukijitafuna mkia.
Mpaka rangi hakutaka tu kuuacha waya unaning'inia.
Mtu nadhifu.

Bila wewe ningezunguka jengo lote.
Bila yeye kungekucha.
Kesho yake taarifa ikaandikwa:
"Hitilafu ilitatuliwa na fundi mwenye cheti."
Niliisoma mara mbili, nikanyamaza.
Aibu hiyo, tofauti na wewe,
haina tarehe ya kwisha.

Kwa hiyo leo nimelipa ada mbili.
Tuko kituo cha mitihani, vioo vinatetemeka.
Ovando kavaa shati lenye mikunjo ya dukani
na miwani ya mkewe.
Wiki nane nimemfundisha majina
ya vitu alivyovishika maisha yake yote.
"Kumbe ndiwe wewe," alikiambia kitabu
kila alipofungua ukurasa,
kama anayekutana na jirani ugenini.

Mimi nimemaliza. Umefufuka; tutaonana jikoni.
Yeye amebonyeza kitufe cha mwisho.
Skrini inafikiri.
Anaitoa kalamu ile mfukoni,
anaibofya, anaibofya.