Mstari wa Kwanza

Ibra, juu ya duka la matairi.
Kiyoyozi kinadondosha maji ndani ya kopo la rangi,
nami nimeajiriwa kuhesabu maji.

Daftari la falaji lina miaka sitini:
wino wa zambarau, madoa ya kahawa,
huyu kauza, huyu karithi, huyu kapewa mahari
nusu saa ya maji, ambayo hapa huitwa athari.
Nalipenda neno hilo. Kwa mama, mzaliwa wa Wete,
athari ni kile kinachobaki jambo likishapita.

Nimeyamimina yote kwenye jedwali,
kisha nikaandika funksheni, mistari minne tu:
nipe siku, nikupe wenye zamu,
jina, saa ya kufungua, saa ya kufunga.
Haina madoido. Chagua, kutoka, ambapo, panga.
Mtoto wa darasa la sita angeisoma.

Jumanne nikaijaribu. Ikajibu:
Muhenna bin Nasor, alfajiri, athari mbili.
Basi.
Nikafurahi, nikanywa kahawa.

Alasiri Bi Shinuna akapanda ngazi,
mkononi tawi la mndimu lililonyauka.
"Mwanangu, hiyo mashine yako
haijui kuhesabu zaidi ya moja?"

Watu kumi na saba wa Jumanne walikuwemo, wote,
ndani ya jedwali, wamekaa kimya.
Mimi ndiye niliyeomba mtu, sikuomba watu.
Pale pa kurejesha nilisahau neno moja: seti.
Bila hilo, funksheni humwokota wa kwanza mlangoni
na waliobaki huwafungia nje.
Wala haikutoa kosa. Hilo ndilo lililoniuma.

Na Kiswahili kilikuwa kimenionya tangu utotoni:
mtu, watu. Huwezi hata kufungua kinywa
kabla hujaamua ni wangapi.

Nikaliandika. Nikabonyeza.
Wakateremka kwenye kioo, mmoja chini ya mwenzake:
Muhenna, Thani, msikiti wa chini,
warithi wa Zahran, ambao bado hawajagawana,
Ghalya, Ghalya mwingine,
na wa kumi na nne, Shinuna bint Khalfan,
nusu athari, baada ya magharibi.
Akakigusa kioo kwa kidole. "Huyo mimi."

Nikauliza pia siku ya kusafisha mfereji.
Vikaja vichwa vya safu, na chini yake hapana kitu.
Seti tupu. Hilo nalo ni jibu.

Akiondoka akaliona kopo, limejaa pomoni.
Akaliinua kwa mikono miwili.
"Haya," akasema, "hayamo kwenye jedwali."