Jumbe Arobaini na Tatu

Walituomba sauti yake ya zamani,
ya kabla ulimi haujageuka jiwe.
Nusu saa yatosha, alisema Daktari Vanamo,
mashine itajifunza iliyobaki yenyewe.
Kijana wa kompyuta akaongeza:
hata ya harusini, hata ya sikukuu,
popote alipocheka mbele ya kamera.

Mama hakuwahi kucheka mbele ya kamera.
Sisi watu wa Oulu hatuna desturi hiyo;
tunapendana kimyakimya, kama watu wawili
wanaosukuma gari moja lililokwama thelujini.

Nilichokuwa nacho ni simu kuukuu
na jumbe arobaini na tatu ambazo sikuzifuta,
si kwa mapenzi, kwa uvivu.

"Rauno, umesahau tena kuchomeka waya wa gari.
Injini ikiganda, usinipigie."
"Rauno, viazi vimeiva tangu saa kumi. Mimi nimekula."
"Rauno, ndoo yangu ya sauna umeipeleka wapi?"
"Rauno. Kofia."
Ujumbe mzima: kofia. Halafu akakata.

Nikawapa. Niliona haya,
kama mtu anayempa dobi asiyemjua
nguo za ndani za mzazi wake.

Wakamnyoa upande mmoja,
wakafungua kidirisha kwenye fuvu,
wakalaza juu ya ubongo utando wa nyaya
mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu.
Saa saba. Nilikunywa kahawa ya mashine, vikombe tisa,
nikasoma bango la kunawa mikono
hadi nikalikariri kwa Kifini na Kiswidi.

Kisha miezi ya mazoezi.
Neno linatokea kwenye kioo: maji.
Mama anajaribu kulisema. Mdomo hausogei.
Ndani, mahali fulani, cheche zinaruka
na kompyuta inabahatisha:
majani.
Maziwa.
Mjinga.
Hiyo ya mwisho tuliicheka; macho yake pia yalicheka.
Kijana akaandika: kosa.
Mimi sina hakika kama lilikuwa kosa.

Haiponyi, alirudia Daktari Vanamo kila wiki,
kama anayelipa deni kidogokidogo.
Ugonjwa unaendelea na kazi yake,
unazima msuli huu, unahamia ule,
kama mlinzi anayezima taa za ofisi usiku.
Kifaa chenyewe ni cha majaribio. Wagonjwa watano tu.
Huenda mwakani kovu likazifunika nyaya
tusimsikie tena.

Jumanne moja ya Februari,
nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri,
waliyaunganisha maneno na sauti.
Mama alifumba macho kwa muda mrefu.
Kisha spika iliyokuwa mezani, kando ya chupa ya dawa,
ikanena kwa sauti yake, ileile, yenye kona:

"Rauno. Ulikuja kila siku."

Ilitoka kama shtaka.
Kila neno na fimbo yake mkononi.
Mashine haikuwa imefundishwa namna nyingine
ya kulitamka jina langu.

Kijana akaona aibu. Alisema inaweza kulainishwa,
kuna mahali pa kuongeza upole,
asilimia kumi, ishirini, hata sauti ya tabasamu ipo.
Tukasema hapana, mimi na Mama,
mimi kwa mdomo, yeye kwa spika,
na ya kwake ndiyo iliyotangulia.

Nje, gari la kukwangua theluji lilipita likirudi nyuma,
pii, pii, pii.
Nilidhani amechoka. Nikainuka, nikashika koti.

"Ndoo," ikasema spika.

Miaka kumi na mmoja.
Nikaketi tena, koti magotini.
"Niliipasua, Mama. Niliiacha nje na maji ndani, ikaganda.
Vipande vyake nilivificha chini ya sakafu ya sauna.
Vipo mpaka leo."

Kwenye kioo cheche zikaanza kuruka, nyingi,
sijawahi kuziona nyingi namna ile.
Kijana akasogeza kiti. Daktari akavua miwani.
Tukasubiri, sote,
kompyuta itabahatisha nini.