Hakuna Mgeni

Kampuni ilipofungwa, baba alilipwa kwa Landrova,
ile ambayo mlango wake wa nyuma hufungwa kwa mpira wa baiskeli.
Miaka kumi na tisa alipeleka watu wa ng'ambo porini;
sisi Ngaramtoni tulilijua pori
kwa vumbi la soksi zake.

Likizo ya Juni, ukungu umeishika Meru mpaka mabegani,
akasema: twendeni.
Mama akasema maharage hayajapigwa.
Baba akasema yatapigwa tukirudi.
Mama akasema mvua.
Baba akasema Juni haina mvua, ina manyunyu.
Mabishano yakaishia kwenye hotpoti la loshoro,
mama akalipakata safari nzima
kama mtoto wa nne.

Baada ya Mto wa Mbu lami ikatuaga.
Kokoto zikaanza kutuhoji chini ya bodi.
Siaeli alitapika mara mbili, kwa adabu,
ndani ya kofia ya Loti.
Na baba, mkono mmoja kwenye usukani,
akatangaza kwa sauti tusiyoijua:
"Kushoto kwenu, twiga. Kulia kwenu, pundamilia."
"Kwenu nani?" mama akauliza.
Baba akanyamaza kilomita nzima.

Getini Engaruka kijana wa stakabadhi
alichungulia dirishani, kalamu sikioni.
"Wageni wangapi?"
Baba alituhesabu kwenye kioo, polepole,
kama anayehesabu noti na kuogopa zitapungua.
"Hakuna mgeni. Ni watu wangu."
Kijana akaandika sufuri,
akaitazama sufuri yake,
akacheka.

Mbele kidogo, mahali ambapo majivu ya Lengai
yamelala barabarani laini kama unga wa ulezi,
magurudumu ya nyuma yakazama.
Baba akashuka na sepeto, peke yake.
Kaeni kivulini, akasema, kunyweni maji, dakika kumi tu.
(Kivuli chenyewe kilikuwa cha Landrova.)
Ndivyo wanavyoambiwa wenye kulipa.

Mama akaweka hotpoti chini.
Akavua kandambili. Akakaza khanga kiunoni, fundo juu ya fundo.
"Anaeli,"
na hajawahi kumwita hivyo mbele yetu,
"hawa wana mikono."

Tukasukuma.
Loti akapoteza kiatu, akakipata, akakipoteza tena.
Mimi nikala majivu, yana ladha ya chumvi na kiberiti.
Mara ya nne gari likakohoa
na kuinuka kama ng'ombe anavyoinuka,
makalio kwanza.

Usiku, Natron ikinuka kwa mbali,
baba alifunga hema kwa vidole visivyohitaji tochi.
Akapakua. Akagawa. Akasogeza chumvi.
Kisha akasimama nyuma yetu,
jagi mkononi, taulo begani,
akisubiri tutake kitu.
Tulitafuna kwa aibu. Nani ajuaye la kumwambia
baba yake aliyesimama hivyo?

Mama hakusema. Alisogea tu,
jamvi likabaki na nafasi ya mtu mmoja,
akaipigapiga kwa kiganja.
Baba akakaa vibaya,
kama asiyejua miguu huwekwa wapi,
akala loshoro iliyopoa.
Siaeli akamwonyesha nyota: ile inaitwaje?
"Jina la wageni ninalo," akasema.
"Bibi yako alikuwa na lake. Limenitoka."
Akaitafuta muda mrefu, kinywa wazi,
mpaka tukalala kabla hajalipata.

Siku tisa. Pancha tatu. Fisi mmoja
aliyeondoka na sufuria, si nyama.

Tuliporudi, maharage yalikuwa yamechipua ndani ya maganda.
Mama aliyafungua moja moja, mezani, mbele ya baba,
vijimkia vyeupe vikichungulia,
na hakusema ila neno moja:
"Manyunyu."